Vidonge vya Majira: Kuchelewa Kumeza Kuna Uzito Gani?

Tuchukulie wanawake watatu waliozoea kumeza kidonge cha uzazi wa mpango saa 2 usiku. Usiku mmoja wote wanapitiwa na usingizi, wanakumbuka saa 1 asubuhi. Kila mmoja amechelewa kwa muda wa saa 11. Wa kwanza anameza kidonge chake na kuendelea na shughuli zake, hana cha kuhofia. Wa pili naye yuko salama, ila amebakiza muda wa saa moja tu kufikia mpaka wake. Wa tatu ameshauvuka mpaka zamani. Anameza mara moja, kisha anatumia kondomu kwa siku mbili. Kosa lao ni moja, muda waliochelewa ni mmoja, na majibu yote matatu ni sahihi. Kinachowatofautisha ni pakiti walizoshika mkononi.

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mwanamke akiuliza kama kuchelewa kuna madhara, muuguzi wa zahanati anamwambia ameze saa ileile kila siku asikosee. Jirani anayetumia vidonge miaka yote anamcheka: yeye humeza akikumbuka, na hajapata mimba. Muuza duka la dawa anamuuzia P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ili kuondoa wasiwasi. Anarudi nyumbani na majibu matatu yanayopingana, hana kipimo cha kumwonyesha lipi linamhusu. Wengine huishia kuogopa bila sababu na kuacha vidonge kabisa. Wengine hutulia pale ambapo hawakupaswa kutulia.

Uchambuzi huu unaeleza vidonge hivi vinafanyaje kazi, unapima misimamo mikuu mitatu kuhusu saa ya kumeza, kisha unaonyesha hatari yenyewe imejificha wapi.

Pakiti zinafanana, dawa zinatofautiana

Vidonge vinavyomezwa kila siku vimegawanyika katika makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza ni vidonge vyenye vichocheo viwili, estrojeni na projestojeni. Microgynon na Femiplan ya Kenya ni za kundi hili. Pakiti ya vidonge 28 huwa na vidonge 21 vyenye dawa na 7 visivyo na kichocheo chochote. Mara nyingi hivi saba vina rangi ya kahawia kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo. Vichocheo hivyo viwili huutuliza ubongo usitoe ishara za kukuza yai, hivyo yai halipevuki. Pia hufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za kiume zisipite kwa urahisi.

Kundi la pili ni vidonge vyenye kichocheo kimoja tu, projestojeni. Hupewa zaidi mama anayenyonyesha, kwa kuwa estrojeni haishauriwi katika miezi 6 ya mwanzo ya kunyonyesha, na pia wanawake wasioruhusiwa estrojeni kwa sababu kama shinikizo la damu. Microlut ni mfano unaojulikana. Katika aina nyingi za kundi hili kidonge cha kila siku kina dawa. Hakuna wiki ya vidonge vitupu. Mwanamke aliyehama kutoka Microgynon anaweza kudhani vidonge vya mwisho wa pakiti ni vya kujazia tu, akaviacha. Kumbe kila kimoja anachoacha ni siku nzima bila kinga.

Ndani ya kundi hili la pili kuna tofauti nyingine kubwa. Vidonge vya zamani vyenye levonorgestreli ya mikrogramu 30, kama Microlut, havizuii yai kupevuka kila mwezi. Katika karibu nusu ya mizunguko yai hupevuka kama kawaida. Tegemeo lao kubwa ni ute wa mlango wa kizazi, na ute huo hauna subira. Huwa mzito ndani ya saa chache baada ya kumeza, na siku moja ikishapita huanza kulegea. Ndiyo maana mpaka wake ni muda wa saa 3 tu za kuchelewa, sawa na saa 27 tangu kidonge kilichotangulia. Huyu ndiye mwanamke wa tatu katika mfano wetu.

Vidonge vipya zaidi vyenye desogestreli ya mikrogramu 75, kama Cerazette, huzuia yai kupevuka katika takriban asilimia 97 ya mizunguko, na mpaka wake ni muda wa saa 12. Huyu ni mwanamke wa pili. Vipo pia vyenye drospirenoni, ambavyo huvumilia ucheleweshaji wa hadi muda wa saa 24.

Mwanamke wa kwanza anatumia vichocheo viwili. Kwake yai kutopevuka ndiyo kinga yenyewe: ukishaunyamazisha ubongo kwa siku kadhaa mfululizo, kuchelewa kwa saa 11 hakutoshi kuuamsha.

Historia iliyopunguza nafasi ya kusahau

Kidonge cha kwanza, Enovid, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960 kwa ajili ya kuzuia mimba. Kilikuwa na miligramu 10 za projestojeni na mikrogramu 150 za estrojeni. Dozi hiyo ilikuwa nzito kiasi kwamba kusahau kidogo hakukuwa jambo la kutisha, lakini wanawake walilipa gharama kwa kichefuchefu, maumivu ya kichwa na, kwa wachache, damu kuganda kwenye mishipa. Mwaka 1969 mamlaka za dawa Uingereza ziliwaonya madaktari waepuke vidonge vyenye zaidi ya mikrogramu 50 za estrojeni. Leo vidonge vingi vya vichocheo viwili vina mikrogramu 30, na vingine 20.

Kupungua huko kwa dozi kumeokoa maisha. Lakini kila dawa ilipopunguzwa, ziada iliyokuwa ikimlinda mwanamke msahaulifu ilipungua nayo. Kwa wanaotumia vidonge vya mikrogramu 20, nafasi ya kukosea ni nyembamba zaidi. Msisitizo wa kumeza kwa wakati ni gharama tuliyokubali kulipa ili kidonge kiwe salama kwa mwili.

Msimamo wa kwanza: saa ileile, bila kusogea

Huu ndio ushauri unaotolewa zaidi katika vituo vya afya, na una nguvu zake. Ni kanuni moja inayotosha kwa wote. Muuguzi mwenye foleni ndefu nje ya mlango hahitaji kuanza kueleza aina za projestojeni. Akisema saa ileile kila siku, amemlinda hata yule mwenye mpaka wa saa 3. Ushauri huo pia hujenga mazoea. Anayemeza baada ya chakula cha usiku, au kabla ya kupiga mswaki, hukumbuka zaidi kuliko anayesubiri kukumbuka kwenyewe. Kumeza kwa mpangilio hupunguza matone ya damu ya katikati ya mwezi, na kumeza usiku baada ya kula huwasaidia wengi wanaosumbuliwa na kichefuchefu.

Udhaifu wake unajitokeza mwanamke anapochelewa, na binadamu yeyote atachelewa siku moja. Kanuni inayosema "usikosee" haisemi ufanye nini ukikosea. Anayetumia vichocheo viwili akichelewa kwa saa mbili anaweza kuamini pakiti nzima imeharibika, akaitupa na kusubiri hedhi ili aanze nyingine. Kwa kufanya hivyo amejitoa kwenye kinga aliyokuwa nayo. Mwingine atakwenda kununua P2 asiyoihitaji. Wa tatu atahitimisha kwamba vidonge havimfai mtu mwenye shughuli nyingi. Hofu hizi zote zimetokana na kanuni iliyo sahihi kwa kidonge cha mwenzake.

Msimamo wa pili: la muhimu ni siku, saa haina neno

Watetezi wa msimamo huu wanaegemea sayansi ya vidonge vya vichocheo viwili, na kwa vidonge hivyo wana haki. Kwa mujibu wa miongozo ya Marekani, kidonge cha vichocheo viwili kilichochelewa kwa chini ya saa 24 huhesabiwa kuwa kimechelewa tu, hakijakosekana. Meza unapokumbuka, kinachofuata meza kwa wakati wake, hata kama ni viwili kwa siku moja. Hakuna haja ya kondomu wala P2 kwa sababu hiyo peke yake.

Ushauri huu humwondolea mwanamke mzigo wa hofu na humfanya aendelee na njia yake. Lakini una kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba hauishii kwa wanaouhitaji. Maneno ya jirani aliyezoea Microgynon hufika kwa mama anayenyonyesha mwenye Microlut, na kwake yana hatari. Kasoro ya pili iko katika kumbukumbu. Asiye na saa maalumu hajui kama amesahau. Akiulizwa usiku kama amemeza leo, anasita: ni leo, au ni jana anayoikumbuka? Kwa hiyo hata pale ambapo dawa haidai saa, akili inaidai.

Ushahidi kuhusu kumbukumbu unapaswa kutunyenyekesha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1996 ulitumia pakiti zenye kifaa cha kielektroniki kilichorekodi kila mara kidonge kilipotolewa, kisha ukalinganisha rekodi hizo na shajara za wanawake wenyewe. Vifaa vilionyesha vidonge vingi zaidi vilivyokosekana kuliko wanawake walivyoandika. Mwaka 2010 jaribio jingine la Marekani lilipima kama ujumbe mfupi wa simu wa kila siku unasaidia. Walioupokea hawakuwa na nafuu ya maana kuliko wasioupokea, ambao wengi wao walikuwa na mbinu zao wenyewe za kujikumbusha. Kengele ya simu ni msaada mzuri, lakini haitoshi peke yake kwa mtu ambaye maisha yake hayana ratiba, au ambaye simu yake inashikwa na mtu asiyepaswa kujua habari za pakiti.

Msimamo wa tatu: kama saa ni tatizo, acha vidonge

Kundi la tatu linasema mjadala wa saa umechosha; mwanamke ahamie sindano, vijiti au kitanzi. Takwimu ziko upande wao. Katika wanawake 1,000 wanaomeza vidonge bila kosa lolote kwa mwaka, takriban 3 hupata mimba. Katika maisha ya kawaida, yenye kusahau na kuishiwa pakiti, idadi inafika takriban 70. Pengo kati ya 3 na 70 si udhaifu wa dawa, ni udhaifu wa kumeza. Kwa kijiti pengo hilo halipo, kwa sababu hakuna cha kukumbuka kwa miaka 3 au 5 kulingana na aina yake. Sindano ya kawaida huchomwa kila baada ya miezi 3. Kenya na Tanzania, sindano na vijiti ndivyo vinavyoongoza kati ya njia za kisasa, na sehemu ya sababu ni hii.

Lakini hoja hii inasahau kwa nini kidonge kina wapenzi wake. Kidonge ni njia ambayo mwanamke anaweza kuiacha usiku huohuo bila kumwomba mtu ruhusa. Kijiti kinahitaji mtaalamu wa kukitoa, na mtaalamu huyo anaweza kuwa mbali. Sindano huvuruga hedhi kwa wengi, na uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Anayetaka mtoto mwakani ana haki ya kulifikiria hilo. Wapo pia wanaopenda hedhi yenye utaratibu na maumivu kidogo, na vidonge vya vichocheo viwili huwapa. Kumhamisha mwanamke kwenye njia nyingine kwa sababu tu hakuelezwa vizuri ya kwanza ni kumnyima chaguo lake.

Msimamo huu una nafasi yake kwa mwanamke ambaye amejaribu, ameelezwa, na bado anasahau mara kwa mara. Kwake kubadili njia ni busara.

Hatari kubwa iko kwenye kiungo cha pakiti mbili

Misimamo yote mitatu inazungumzia saa, na yote inapita karibu na jambo zito zaidi bila kulitazama.

Kwa vidonge vya vichocheo viwili, siku 7 za vidonge vya kahawia ni siku ambazo mwili hauna dawa. Ubongo huanza kuamka na mayai huanza kukua. Siku ya saba ikipita, mwanamke anaanza pakiti mpya na kuyazima tena kabla halijapevuka hata moja. Ndiyo maana analindwa hata katika wiki hiyo, mradi aanze pakiti mpya kwa wakati. Sasa tuseme pakiti imekwisha Ijumaa, kituo kimefungwa mwishoni mwa wiki, Jumatatu hana nauli, na Jumanne anaambiwa vidonge vimekwisha hadi vitakapoletwa. Siku 7 zisizo na dawa zimekuwa 10 au 12. Hapo yai linaweza kupevuka kweli.

Kwa hiyo kuchelewa kwa saa 11 katikati ya pakiti ni jambo dogo, na kuchelewa kwa siku tatu kuanza pakiti mpya ni jambo kubwa, hata kama mwanamke hakumbuki kuwa "amesahau" kidonge chochote. Vidonge vya mwanzo na vya mwisho wa vile 21 ndivyo vya kulindwa kuliko vyote, kwa kuwa kuvikosa kunarefusha mapumziko. Kukosa kidonge cha kahawia hakuna madhara. Kitupwe na safari iendelee.

Hapa lawama haimwangukii mwanamke peke yake. Kituo kinachotoa pakiti moja kwa mwezi kinamlazimisha avuke kiungo hiki hatari mara 12 au 13 kwa mwaka akitegemea nauli, foleni na bohari ya dawa. Kituo kinachompa pakiti kadhaa kwa mkupuo kinamwondolea sehemu kubwa ya hatari hiyo bila kuhubiri neno moja kuhusu saa.

Mama anayenyonyesha na siku ya uji

Kwa mwenye vidonge vya kichocheo kimoja, hatari haiko sawa wakati wote. Mama anayemnyonyesha mtoto wake maziwa ya mama tu, mchana na usiku, ambaye hajapata hedhi na mtoto hajatimiza miezi 6, ana kinga kubwa inayotokana na kunyonyesha kwenyewe. Akichelewa kidonge kwa saa tano katika kipindi hiki, hajajiweka kwenye hatari kubwa.

Mambo hubadilika hedhi inaporudi, au mtoto anapotimiza miezi 6 na kuanza uji. Kinga ya kunyonyesha inapungua, na kidonge kinabaki peke yake na mpaka wake wa saa 3. Kwa bahati mbaya, huu ndio wakati ambao mama ameshazoea kuchelewa bila kuona madhara. Mazoea ya miezi sita yanamdanganya katika mwezi wa saba. Siku ya kliniki anapoelekezwa namna ya kumwanzishia mtoto uji ndiyo siku ya kumuuliza pia anatumia kidonge gani, anakimeza saa ngapi, na kama angependa kuhamia cha vichocheo viwili.

Ramadhani, zamu na safari

Maisha ya hapa kwetu yana vipindi vinavyosogeza saa ya kumeza, na kila kimoja kinaweza kupangwa.

Wakati wa Ramadhani, anayemeza saa 2 usiku hana cha kubadili. Anayemeza saa 2 asubuhi atahamia daku, tuseme saa 10 alfajiri. Kuhama huko si tatizo, kwa kuwa amewahi; kuwahi hakupunguzi kinga. Tatizo linakuja baada ya Idi. Mwenye mpaka wa saa 3 akirudi ghafla kutoka saa 10 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, atakuwa amekaa saa 28 bila kidonge, nao mpaka wake ni 27. Njia salama ni kumeza cha alfajiri kama kawaida, kisha siku hiyohiyo kumeza kinachofuata saa 2 usiku na kubaki na ratiba ya usiku. Kanuni ni kusogeza saa kwa kuwahi, kamwe si kwa kuchelewa.

Muuguzi, mlinzi au mfanyakazi wa kiwandani anayebadilishiwa zamu asifunge kidonge na kulala, kwa kuwa saa ya kulala inahama kila wiki. Akifunge na saa ya ukutani, au na jambo ambalo halibadiliki hata zamu ikibadilika.

Kwa msafiri, Muscat iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja tu, hivyo hakuna la kuhangaikia. Toronto wakati wa kiangazi iko nyuma kwa saa 7: saa 2 usiku ya Mombasa ni saa 7 mchana huko. Akisubiri hadi saa 2 usiku ya Toronto, atakuwa amekaa saa 31. Kwa vichocheo viwili hilo si kitu. Kwa Microlut ni kuvuka mpaka. Mwenye kichocheo kimoja ameze saa 7 mchana ya huko.

Pale ambapo saa haisaidii

Kuna hali ambazo mwanamke humeza kwa wakati na bado kinga inapungua. Akitapika ndani ya saa 2 hadi 3 baada ya kumeza, ameze kingine. Kutapika au kuharisha sana kwa zaidi ya siku mbili kuhesabiwe kama kukosa vidonge.

Dawa nyingine ni suala zito zaidi. Rifampisini inayotibu kifua kikuu, dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitali, na dawa ya virusi vya UKIMWI efavirenzi, hulifanya ini liviharibu vichocheo haraka. Wapo wanaodhani suluhisho ni kumeza kidonge asubuhi na dawa hiyo nyingine usiku. Hilo halifai kitu, kwa sababu ini hubaki katika hali hiyo siku nzima, na huendelea nayo kwa wiki kadhaa baada ya dawa kuachwa. Anayetumia dawa hizo azungumze na mtoa huduma kuhusu njia nyingine. Dolutegraviri, ambayo sasa hutumiwa na wengi wanaoishi na virusi hivyo, haina tatizo hili. Wala amoksilini na viuavijasumu vingine vya kawaida havipunguzi nguvu ya vidonge.

Ukishakosa: miongozo inasemaje?

Hata wataalamu hawakubaliani neno kwa neno, na hii ni sababu nyingine ya mkanganyiko. Kuhusu vichocheo viwili, mwongozo wa kimataifa wa watoa huduma unaoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani unasema kukosa kidonge kimoja au viwili kunaleta hatari ndogo sana. Kondomu ya siku 7 inahitajika kuanzia vidonge vitatu. Miongozo ya Marekani inaanzia viwili mfululizo, yaani saa 48 au zaidi tangu muda uliotakiwa. Wanachotofautiana ni kiwango cha tahadhari. Kwa kuwa kondomu za siku chache ni gharama ndogo kuliko mimba isiyopangwa, mwanamke asiyependa kubahatisha afuate wenye tahadhari zaidi.

Katika mengine wanakubaliana. Meza kidonge kimoja mara unapokumbuka, endelea na pakiti. Ukifikia idadi inayodai tahadhari, tumia kondomu au subiri hadi umeze vidonge 7 vyenye dawa mfululizo. Ikiwa umevikosa katika wiki ya tatu, maliza vyenye dawa, tupa vya kahawia, anza pakiti mpya kesho yake. Damu ya wiki ya vidonge vya kahawia si hedhi halisi, na kuiruka mwezi huo hakudhuru. Ikiwa umevikosa katika wiki ya kwanza na ulijamiiana bila kondomu ndani ya siku 5 zilizopita, hapo ndipo P2 ina kazi yake, na kadiri unavyoiwahi ndivyo inavyofaa.

Kwa kichocheo kimoja cha levonorgestreli au desogestreli, ukivuka mpaka wako, meza mara moja na utumie kondomu kwa siku 2. Siku mbili zinatosha kwa kuwa ute hurudi haraka, tofauti na yai linalohitaji siku saba kutulizwa.

Muhtasari na hukumu

Anayesema saa ina umuhimu na anayesema haina umuhimu wote wana ukweli nusu, kila mmoja kuhusu kidonge chake. Saa ileile kila siku ni mazoea mema kwa kila mwanamke, kwa sababu humsaidia kukumbuka. Lakini mazoea ni jambo moja na mpaka wa hatari ni jambo jingine. Mpaka ni muda wa saa 3 kwa kichocheo kimoja cha zamani, 12 kwa desogestreli, na kwa vichocheo viwili hesabu huanza kuwa nzito siku mbili au tatu zikipotea, hasa zikirefusha mapumziko kati ya pakiti. Kubadili njia kuwe chaguo la mwanamke mwenyewe, si adhabu ya kusahau.

Kwa watoa huduma, ombi ni dogo: andikeni mpaka huo kwa kalamu juu ya pakiti kabla haijatoka mezani, na toeni pakiti za kutosha miezi kadhaa. Kwa msomaji, kabla hujapokea pakiti nyingine uliza maswali matatu. Hiki ni cha kichocheo kimoja au viwili? Nikichelewa, mpaka wangu ni muda gani? Nikiuvuka, nifanye nini? Usiondoke dirishani bila majibu yote matatu.